Mawe ya Chujio la Njoroge

Harufu ya sponji iliyokaa miezi ndani ya tangi la samaki si uvundo, ingawa mama yangu aliapa kuwa ni uvundo. Ni harufu ya tope la mtoni palipopandwa nduma, udongo mweusi usioona jua uliochanganyika na majani mabichi. Ilijaa sebule yetu ya Ruiru msimu mzima wa mvua ndefu, mwaka ambao kaka yangu Njoroge aliacha shule. Alikuwa kijana wa sekondari, mimi bado mtoto wa msingi. Moyo wake ulikuwa umeharibika. Vali moja haikufunga sawasawa, na kutoka kitandani hadi mlangoni kulimfanya aheme kama aliyepanda mlima. Baba, aliyekuwa seremala mjini Thika, alimletea tangi la kioo alilopewa na mama mmoja wa Kihindi aliyemtengenezea kabati. Lilikuja na mimea yake ya majini na samaki wadogo wenye mikia ya rangi, lakini chujio lake lilikuwa sanduku tupu lenye pampu, bila kitu cha kuchujia.

Kutafuta cha kujaza sanduku hilo ndiko kulikokuwa kazi ya Njoroge, naye aliifanya kwa ukali wa mtu aliyenyimwa kazi nyingine zote. Kipande cha godoro alikinusa akakikataa, akasema kina dawa. Baba akamletea sponji ngumu yenye matundu makubwa, hiyo akaikubali. Mimi nilitumwa machimboni kuokota mawe mekundu, mepesi, yenye vitundu kama mkate. Aliyapanga dirishani na kudondoshea kila moja siki. Lililotoa povu lilitupwa nje, kwa kuwa lingeyafanya maji kuwa magumu na mimea ingenyong'onyea. Sponji ilikaa mwanzo, izuie taka kubwa, kisha mawe, kisha pamba.

"Si mawe yanayosafisha maji, Ciru," aliniambia akipumzika kati ya maneno. "Kuna viumbe vidogo, huvioni, vinaishi kwenye hivi vitundu. Hivyo ndivyo vinakula uchafu wa samaki. Ukiosha na maji ya mfereji, dawa iliyo ndani itaviua vyote."

Kwa hiyo tulichota maji ya tangi lenyewe kwenye karai. Mimi nilikamua sponji humo, mikono yake ikiwa haina nguvu, na maji yakageuka rangi ya kahawa. Mawe tuliyasuuza kidogo tu. "Basi, basi," alikuwa akisema, "usiyang'arishe." Mama alisimama mlangoni akitutazama, khanga ameikaza kiunoni. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mama alikuwa ameamua kwamba unyevu wa tangi lile ndio uliokuwa ukimtia mwanawe kikohozi.

Mvua ilipozidi, Njoroge alivimba miguu na kulazwa hospitali. Mama alirudi nyumbani kufua, akaanza kusugua kila kitu, kuta, viti, mapazia, kama mtu anayefukuza jambo. Nilimkuta uani amemwaga mawe yote kwenye beseni la maji ya moto yenye dawa ya kutoa madoa. Sponji ilikuwa kwenye kamba, nyeupe kama siku iliyonunuliwa.

"Mama, Njoroge alisema tusioshe hivyo."

"Wacha, Ciru. Mtoto akirudi ataingia kwa nyumba safi. Mapafu yake hayawezi huu uchafu."

Alirudisha kila kitu sandukuni, akabadilisha maji yote kwa maji ya mfereji, na jioni hiyo tangi lilimeta kuliko wakati wowote. Kesho yake maji yalikuwa na ukungu, na samaki walikuwa juu kabisa, wakifungua na kufunga midomo. Mama aliinama akawatazama. Walihema vile vile alivyokuwa amemwacha mwanawe akihema wodini. Kabla ya wiki kwisha walikuwa wamekufa wote.

Njoroge aliporudi, baba alimbeba mgongoni kutoka barabarani. Madaktari walikuwa wamemruhusu, na hakuna aliyetueleza sisi watoto kwa nini. Aliliona tangi mara moja. Mama aliketi sakafuni, miguu ameinyoosha kama mfiwa, akasema, "Ni mimi. Nilitaka iwe safi." Nilingoja kaka yangu apige kelele. Badala yake alisema, pumzi zikikwaruza, "Mama, leta karai nikuonyeshe."

Alimfundisha akiwa ameegemea mito mitatu. Mawe yasuuzwe mpaka harufu ya dawa iishe, maji yalale kwenye ndoo kwanza, majani yaliyooza yaondolewe, kisha ni kungoja viumbe virudi vyenyewe. "Vinakuja polepole," alisema. "Usiweke samaki mapema." Wahenga walisema subira yavuta heri, lakini heri haikumfikia aliyeisubiri. Njoroge alifariki asubuhi moja ya baridi ya Julai, maji yakiwa ndiyo kwanza yameanza kutulia. Baada ya mazishi baba alitaka kulitoa tangi. Mama alisimama mbele yake na kusema, "Hiyo usiguse. Bado haijakuwa tayari." Aliendelea kukamua sponji katika maji ya tangi, polepole, bila kuing'arisha, na samaki wengine hakuwaweka kamwe.

Leo naishi katika mtaa wa Kahawa Sukari. Mawe ya chujio yanauzwa yakiwa yameshaoshwa, ndani ya vifuko vya wavu, na vile viumbe visivyoonekana vinauzwa kwenye chupa, ili mtu asingoje. Vali za moyo nazo hubadilishwa, hata kwa watoto wa mafundi, wakiwahi. Nilishakuwa mtu mzima daktari mmoja aliponieleza kwamba ugonjwa ule huanza kwa koo linalouma utotoni, koo ambalo dawa ya kawaida ya kliniki ingelitibu. Koo la Njoroge tulilitibu kwa maji ya chumvi. Mama, ambaye sasa ni mzee, sijamwambia, na sitamwambia. Binti yangu akisema tu kwamba anaumwa akimeza, namvalisha sweta na kutoka naye saa hiyo hiyo, hata kama mvua inanyesha.