Ndoo ya Mwalimu

Ile ndoo ilimtia Binti Pasi kinyaa tangu siku ya kwanza. Ilikaa mbele ya chumba cha maombi, na vijana waliitwa mmoja mmoja kutumbukiza dawa zao humo, kuonyesha kwamba wamemwachia Mungu. Vidonge viliyeyuka, maji yakawa kama yaliyosafishiwa brashi ya rangi, na watu wakaushangilia uchafu ule. Hata aliyezoea kuloweka soksi za wiki nzima angegeuza uso.

Na soksi alizijua, maana alikuwa dobi. Jina lenyewe alipewa kazini. Kila asubuhi alimeza kidonge kimoja cheupe, kwa sababu mwaka uliopita alikaa haogi wala hali, akisikia ukuta wa chumba chake ukimsema. Alisali pia, tena kwa moyo wote. Hakuwahi kuona kidonge na sala vikigombana.

Aliyevigombanisha ni Mwalimu, kiongozi wa kikundi. Alifundisha kwamba anayemeza dawa za kichwa amemtilia Mungu shaka. Mpiga kinanda wao alimsadiki, akazimwaga zake zote. Sasa kijana yule anashinda nje ya jengo, nywele zimeshikana, akibishana na watu asiowaona, na Mwalimu anampita ameziba pua, akisema imani yake ilikuwa haba. Jamani, hata aibu ina mpaka.

Lakini mama yake Binti Pasi alimwamini Mwalimu kuliko daktari. Alimwambia mwanawe kwamba mkutano ujao ni zamu yake, asimvunjie heshima mbele za watu. Binti aliitikia kwa kichwa. Alimwogopa mama yake, ila ule ukuta aliuogopa zaidi.

Siku moja kabla ya mkutano, mama alimletea joho la Mwalimu alifue, bure bilashi. Sasa, dobi anayejiheshimu hatii nguo majini kabla ya kupekua mifuko, na anachokikuta humkabidhi mwenyewe, mkono kwa mkono. Mfukoni akakuta pakiti ya vidonge vyeupe, yenye jina lilelile la dawa yake, nusu vimeshatumika.

Roho ilimchafuka. Kuumwa si aibu. Mwalimu angemeza vyake na asingechekwa na mtu. Lakini kumeza kwa siri huku unazamisha vya wenzako hadharani? Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Alitoka nje akatema mate, kisha akarudi kufua joho, akalipiga pasi vizuri, kwa maana kazi ni kazi.

Kesho yake akaitwa mbele. Mwalimu, amevaa joho linalonukia sabuni, akamsogezea ndoo kwa mguu.

"Haya mwanangu, tumbukiza."

Binti akafungua kiganja. "Hivi vyako, Mwalimu. Vilikuwa mfukoni mwa joho, nikavitoa kabla sijaloweka."

Mwalimu aliitazama ndoo, akavitazama vidonge, jasho likamtoka. Kisha akavichukua haraka, akavirudisha mfukoni.

Mama yake Binti Pasi alikuwa safu ya mbele, akaona kila kitu. Aliinuka, akamshika mwanawe mkono, wakatoka. Walipofika mlangoni kwao ndipo akauliza, macho chini:

"Cha leo umemeza?"