Mpunga wa Darini

Hata leo wali ukinuka moshi, naisogeza sahani pembeni.

Baada ya vita, askari wa Mjerumani walipokwisha kuchoma maghala ya milimani, watu wa Mahenge walishuka bondeni kwetu na njaa yao. Kijiji kiligawana kuwapokea: wengine walitoa moto, wengine jembe, sisi mbegu. Mama alimshushia mwanamke mmoja, mwenye mtoto mgongoni, mpunga uliokaukia moshini darini.

"Huu si wa kula, mwenzangu. Ni wa kupanda."

"Nimesikia, dada."

Jioni tukasikia anatwanga. Niliinuka nikamseme, mama akanivuta.

"Mwache. Mtoto wake hajalia tangu asubuhi."

Kulipokucha tulimkuta na lile jembe la kupewa nyuma ya kibanda alicholala, akifukia shimo fupi, mgongoni hana mtoto. Wali ulikuwa bado chunguni, haujaguswa.