Diploma Niliyoishika Rehani

Mukandayisenga aliingia dukani kwangu Kamembe, mpakani mwa Rwanda na Kongo, mwaka 1999 kununua mabati kumi na manne, akaanza kuyainua moja moja na kuyatazama kwenye mwanga wa mlango. Nilijua anatafuta nini. Miaka ile mabati mengi yaliyouzwa Cyangugu yalikuwa yameng'olewa juu ya nyumba za watu, ama huku kwetu ama ng'ambo Bukavu. Sisi wauzaji tuliyanyoosha, tukaziba matundu ya misumari kwa lami, tukayachomeka katikati ya mapya. Aliyatoa matatu akayasimamisha ukutani.

“Haya yalishalala juu ya nyumba ya nani, Papa Honorine?” aliniuliza.

“Ya muntu mumoja alihama.”

“Alihama ama balimuhamisha?”

Wateja wawili waliacha kupima misumari wakatusikiliza. Nikampunguzia bei ya yale kumi na moja ili anyamaze. Alilipa taslimu, akahesabu chenji mbele yangu, akaondoka. Yale matatu niliyauza kesho yake kwa mtu asiyeinua vitu kwenye mwanga.

Baadaye nilipata habari zake, kwa kuwa huwa nauliza habari za kila mtu anayenishinda bei. Alikuwa muuguzi katika kituo cha afya cha Nkanka, juu ya ziwa. Mumewe, Kubwimana, alivuka kwenda Kongo Julai 1994 pamoja na umati. Kambi za wakimbizi zilipovunjwa mwaka 1996 watu walirudi kwa miguu, yeye hakurudi. Wengine wakatoka msituni mwaka uliofuata, na ule wa baada yake, yeye bado. Mke akabaki kwenye shamba la kahawa la mumewe na binti wawili, jirani na shemeji yake Munyemana. Hakuolewa tena wala hakuvaa nguo za kufiwa. Watu walilisema hilo, kila mmoja kwa namna yake.

Mwaka 2001 alirudi dukani akiwa na bahasha ya kaki. Safari hii hakugusa bidhaa.

“Papa Honorine, natafuta muntu wa kunisimamia.”

Serikali, alisema, ilikuwa inatoa mikopo kwa wauguzi wanaotaka kusomea ualimu wa wauguzi. Wale waliokuwa wakifundisha zamani wengi waliuawa, wengine walikimbia, na shule za wauguzi zilikuwa na wanafunzi wasio na mwalimu. Angesoma Kigali miaka mitatu. Akimaliza na kufundisha miaka mitano, deni lote lingefutwa, sehemu ya tano kila mwaka. Akiacha kusoma au kufundisha, deni lingelipwa na mdhamini. Na mdhamini ilikuwa lazima awe na mali isiyohamishika na leseni ya biashara.

“Serikali inakopesha, kisha inafuta?” nilimuuliza.

“Ndiyo.”

“Na yenyewe inapata nini?”

“Balimu.”

Sikuridhika. Nilikuwa nimefanya biashara tangu nikiwa na kilo tano za chumvi begani, na sijawahi kuona mtu akisamehe deni bila kuwa na lingine mfukoni. Zaidi ya hapo, karatasi ilitaka jina langu, la mke wangu, la watoto, namba ya kiwanja na mahali tulipokuwa wakati wa mauaji ya mwaka 1994. Katika mkoa wetu hakuna aliyefurahia jina lake kuandikwa kwenye orodha. Nilimwambia aniachie siku tatu.

Siku ya pili Munyemana alikuja kununua kitasa. Hakununua. Alizungukazunguka, kisha akasema polepole, “Nasikia utamusimamia bibi wa ndugu yangu.”

“Nani alisema?”

“Batu banasema. Mi nakuonea huruma tu. Ile franga ya kula atapewa ku mukono, si ku masomo. Siku moja utaamka, utaambiwa amevuka daraja ya Rusizi ya pili, bwana yake anamungoja kule. We utabakia na sahihi yako.”

Sikumwamini Munyemana, maana kitasa hakikuwa shida yake. Lakini alilolisema nilikuwa nimeshalifikiria mwenyewe. Kutoka Nkanka hadi ng'ambo ni mwendo wa asubuhi moja, na ng'ambo waasi ndio waliotawala. Nani angeenda kumdai mtu kule?

Mukandayisenga aliporudi, nilimpa masharti yangu. Sisi wa mpakani tuna desturi: mtu akichukua mzigo bila kulipa, huacha kile ambacho hawezi kutembea bila hicho. Dereva huacha leseni, mvuka daraja huacha kitambulisho. Muuguzi je?

“Diploma yako,” nilisema. “Ya kweli, si fotokopi. Nitakaa nayo mpaka siku ya mwisho. Bila ile, hata Bukavu hakuna hospitali itakupa kazi.”

“Utaiweka wapi?”

“Ndani ya sanduku ya bati, chini ya kitanda.”

“Panya hawafiki?”

“Panya wangu wanakula unga, hawasomi.”

Hakucheka. Kesho yake aliileta, imefungwa ndani ya karatasi ya nailoni, na ofisa wa sekta akashuhudia sahihi zetu kwenye mkataba wa rehani.

Ijumaa, siku ya mwisho ya kupokea maombi, tulipanda basi la alfajiri la kwenda Kigali, ambako ningetia sahihi ya udhamini. Barua ya ofisi ya mikopo ilisema diploma yenyewe ionyeshwe, nami sikukubali aibebe peke yake. Niliivaa kifuani chini ya shati, tukavuka msitu wa Nyungwe ikiniwasha kwa jasho.

“Unaibeba sawa mutoto muchanga,” alisema.

“Mutoto hawezi kunifilisi.”

Mikopo ilikuwa inashughulikiwa na kijana wa kike aliyekulia Tanzania, mwenye Kiswahili kilichonyooka kama rula. Alipokea fomu, akaitazama diploma mkononi mwangu, akanyoosha mkono kuipokea. Sikuiachia.

“Mzee, mkopaji ni nani kati yenu?”

“Ni yeye. Diploma ni yangu.”

Alicheka hadi akafuta macho. Kisha akaeleza: diploma hubaki ofisini hadi mkopaji amalize miaka yake ya kufundisha. Ndivyo ilivyo kwa wote.

Hapo nilielewa kwamba serikali ilifikiri kama mimi, ila ilikuwa na kabati kubwa zaidi. Lakini nilielewa pia kwamba nimebaki mikono mitupu. Nikamgeukia Mukandayisenga. “Ulijua?”

“Sikujua.”

“Mulipanga nyinyi babili?”

“Papa Honorine, huyu namuona leo!”

“Na mimi nabaki na nini?” nilimuuliza yule wa ofisi.

“Unabaki na neno lake, mzee.”

“Neno haliwekwi ku sanduku.” Niliinuka. Saa ukutani ilionyesha saa tisa na nusu, na dirisha lingefungwa saa kumi. Bila sahihi yangu, miaka yake mitatu ya masomo ingeishia pale kwenye ubao wa mapokezi.

Alinishika mkono wa shati. “Tutoke inje. Kuko kitu nitakuambia.”

“Sema hapa hapa, shahidi asikie.”

“Nakuomba tutoke.”

“Hapa, ama naenda ku basi.”

Akaniachia shati. Alipoongea, alimtazama yule wa ofisi, si mimi.

“Munaogopa nitavuka nimufuate bwana. Kubwimana hajafa. Iko Shabunda, kule Kongo ndani. Ameoa bibi wa kule, beko na batoto babili. Maman Nzigire wa Bukavu, ule ananunuaga dhahabu, alimuona na macho yake. Aliniletea barua Kubwimana aliandika mwenyewe.”

“Tangu lini?”

“Miaka mbili.”

“Munyemana anajua?”

“Akijua, atasema ndugu yake ameshaniacha, niko tu mugeni ndani ya kahawa yao. Siku ile ile niko inje na batoto bangu.” Akanigeukia. “Basi niambie. Nivuke niende kwa nani?”

Yule wa ofisi alikuwa ameshika muhuri hewani. Niliomba kuiona barua. Ilikuwa ndani ya mkoba wake, imekunjwa mara nne. Niliisoma mara mbili, nikaangalia mwandiko na tarehe. Alikuwa amesema kweli. Kisha nikamwambia kuwa barua hiyo nitaishika mimi, badala ya diploma.

Alikubali. Angefanya nini? Nilitia sahihi zikiwa zimebaki dakika kumi. Kurudi Cyangugu alikaa kiti cha mbele, peke yake.

Akasoma. Binti zake walibaki Nkanka na mama yake mzazi, wakila kwa kahawa ya shamba lile. Kila mwisho wa mwezi nilishuka darajani kumuuliza ofisa wa uhamiaji, tuliyezoeana, kama jina lake limepita. Mwaka 2003 Munyemana alikuja tena. Safari hii alisema wazi: nimwambie kilichosemwa Kigali, yeye ataniuzia mavuno yote ya msimu kwa bei ya hasara. Aliyemwambia kuna kilichosemwa simjui. Nilimjibu kwamba tulizungumza juu ya mihuri. Sikumfichia siri mama yule kwa huruma. Shamba likiondoka, watoto wangekosa chakula, mama yao angeacha masomo, na duka langu lingefungwa kwa kufuli ya serikali.

Juni 2004 Bukavu ilipigwa, watu wakavuka wakikimbilia kwetu. Hakuna aliyekuwa akivuka kwenda huko. Mwezi ule pekee sikumuuliza ofisa.

Alimaliza mwaka huo huo, akaanza kufundisha katika shule moja ya wauguzi hapa hapa mkoani. Mwaka 2009 nilipata karatasi yenye mihuri miwili ikisema sidaiwi kitu. Wiki hiyo hiyo alikuja dukani, mara ya kwanza tangu Kigali. Hakukaa.

“Barua yangu.”

Niliitoa sandukuni. “Umeona? Sikumuonyesha muntu. Nilikutunzia siri.”

“Ulitunza duka yako,” alisema.

Alipotoka alikwenda moja kwa moja Nkanka, akamkabidhi Munyemana barua ile kwa mkono wake mwenyewe. Akachukua masufuria yake na mama yake, akahamia nyumba ya kupanga karibu na shule. Binti zake walikuwa wakubwa tayari, na mshahara wa mwalimu ulitosha kodi. Kahawa aliyoipalilia miaka kumi na mitano ilibaki kwa shemeji, iko vilevile hadi leo. Yeye ana diploma zake mbili, na ukienda zahanati yoyote ya upande huu utakuta msichana aliyefundishwa naye kuchoma sindano.

Mimi nina karatasi yenye mihuri. Mwaka uliofuata shule yake ilijenga bweni la wasichana, na yeye alikuwa kwenye kamati ya manunuzi. Nilipeleka bei ya chini kuliko wote, ya saruji na nondo, na bidhaa safi kabisa. Walichukua za mtu mwingine. Nilikwenda kuuliza sababu, akanipokea mlangoni kwa heshima, akanieleza kwamba kamati ilitaka muuzaji wanayemwamini.