Kidole cha Kukua

Kwetu Msambweni, miaka ya hamsini, mtoto hakwenda dukani kununua kiatu. Kiatu kilimjia. Aliyekwenda Mombasa alikuwa mtu mzima, na mguu wa mtoto ulisafiri naye ukiwa umegeuzwa uchane wa ukindu, ule ukanda wa jani la kusukia mikeka. Ulikanyaga jamvi, bibi akaliweka jani kisiginoni, akalivuta mpaka ncha ya kidole gumba, akalikata kwa kisu. Basi, mguu umeshakuwa tayari kwa safari. Mwenye mguu alibaki nyumbani.

Nimelikumbuka jambo hili tangu daktari aliponiambia, kwa ile sauti ya upole ambayo madaktari huwawekea watu wenye tumbo kama langu, kwamba nianze kukimbia polepole asubuhi. Nilikwenda Kona ya Musa kutafuta viatu. Muuzaji aliniuliza namba yangu, nami nikababaika. Nimesoma hadi chuo kikuu, nimeandika makala juu ya mambo mengi nisiyoyajua, lakini namba ya mguu wangu sijawahi kuiamini. Nikamwambia nitaijua nikishakimbia navyo kidogo hapo nje.

"Mzee," akasema, "lipa kwanza, kisha ukimbie utakako."

Hakukosea. Yaliyonifundisha mimi kukimbia kabla ya kulipa yeye hakuyajua.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa mkimbiaji. Naomba msomaji asicheke. Nilikuwa mwembamba kama ufito, na katika mbio za maili moja hapakuwa na mwanafunzi wa shule yetu aliyenipita, ingawa ni haki kusema kwamba shule yetu ilikuwa ndogo. Kila mwaka shule za wilaya zilikutana Kwale, na watatu wa kwanza walipelekwa Mombasa kwenye mashindano ya Jimbo. Hiyo ndiyo iliyokuwa shabaha yangu. Kombe sikulitaka. Nilitaka Mombasa. Sikuwa nimewahi kuvuka kivuko cha Likoni, nami nilikuwa nimekalishwa dawati moja na mwenzangu aliyevuka mara mbili, na hakuna siku iliyopita bila ya yeye kunivusha tena kwa maneno.

"Feri ikiondoka," alikuwa akisema, "wewe umesimama tu, na nchi ndiyo inayokwenda. Lakini haya hayaelezeki kwa mtu wa ng'ambo hii."

Mwaka uliotangulia, mkimbiaji wetu alikanyaga kisiki katikati ya uwanja wa Kwale akarudishwa nyumbani amebebwa. Kwa hiyo mwalimu wa michezo akatangaza kwamba safari hii anayetaka kukimbia maili moja lazima awe na raba. Raba zilikuwa viatu vya turubai vyenye soli ya mpira, na mimi miguuni nilikuwa nimevaa mitalawanda, vile viatu vya mbao vya kwendea chooni, basi. Nyumbani nikaeleza. Mjomba wangu, ambaye kwetu ndiye mwenye kauli juu ya watoto wa dada yake, alikuwa na safari ya Mombasa wiki ile. Bibi akaniita barazani alipokuwa akisuka mkeka.

"Mume wangu, lete huo mguu."

Bibi zetu huwaita wajukuu wao hivyo, na mume hana ruhusa ya kukataa. Nikauleta mguu. Akapima, kisha kabla ya kukata akaongeza upana wa kidole chake.

"Mbona umezidisha, bibi?"

"Hiki kidole cha kukua. Au wewe umekwisha kukua?"

Sikuwa nimekwisha. Mjomba akaukunja uchane akautia ndani ya kofia yake, akaondoka. Mimi nikabaki nikihesabu mabasi yanayotoka Likoni.

Raba zilipokuja zilikuwa nyeupe hata nikaona haya kuzigusa. Nilizivaa. Nilipopiga hatua, mguu ulikwenda, na kiatu kikafikiria kwanza. Mama akasema turubai ni ngumu, itanizoea. Bibi akachuma sufi, akanisokotea mabonge mawili, akayashindilia mbele penye vidole. Sasa zilinikaa vizuri kabisa, nikiwa nimesimama.

Asubuhi yake nikaenda nazo barabarani. Kuna tofauti kubwa kati ya kiatu cha kusimamia na kiatu cha kukimbilia, na nilijifunza tofauti hiyo kwa ngozi yangu mwenyewe. Kila nilipokanyaga, mguu uliteleza mbele ukagonga sufi, kisha ukarudi nyuma, na kisigino kikapanda na kushuka kama mchi kinuni. Soli ilipiga chini baada yangu, kwap, kwap, mpaka watu wakawa wanatoka mlangoni kuangalia ni punda wa nani. Wenzangu wa shule walikuwa wamejipanga kando ya njia.

"Kimbia tu, viatu vitakukuta mbele ya safari!"

"Wewe wa kwanza, raba wa pili!"

Mwenzangu wa dawatini hakupiga kelele. Alisema kwa masikitiko, kama mtu anayetoa pole msibani, "Kwa mwendo huo, ndugu yangu, Likoni utaisikia tu."

Kwa siku kadhaa niliendelea, kwa sababu sikujua kwamba kiatu kinaweza kuwa na kosa. Kiatu kilitoka Mombasa, mimi nilitoka Msambweni. Ilikuwa wazi nani kati yetu ajirekebishe. Visigino vilifanya malengelenge, yakapasuka, yakafanya mengine juu yake. Ukucha wa kidole gumba uligeuka rangi ya zambarau iliyoiva. Mwishowe, kwenye mteremko, mguu ulikwenda kushoto na kiatu kikabaki na msimamo wake, nikateguka kifundo.

Mwalimu wa michezo alikibonyeza kifundo, akakiangalia kisigino, akasema ataandika jina la mwingine ikiwa hadi Jumatatu ya pili nitakuwa bado nachechemea. Jina la mwingine! Niliiona feri ikiondoka, na safari hii nchi haikwenda popote. Nilibaki nimesimama juu yake.

Jioni ile nilikuwa nikitia udhu, bibi akaviona visigino vyangu. Alimwita mjomba kwa sauti iliyofika nyumba ya tatu.

"Nilikupa kipimo au sikukupa?"

"Ulinipa, mama. Nami nilinunua kwa kipimo."

"Kilete."

Mjomba alivua kofia. Uchane ulikuwa bado umo. Bibi akaulaza ndani ya kiatu, ukaishia mbali na ncha. Akatia vidole vyake kwenye nafasi iliyobaki, akamtazama mwanawe.

"Hivi viwili vimetoka wapi?"

Hapo ndipo yalipofumuka. Mama, aliyekuwa jikoni akijifanya hasikii, alikiri kwamba alimfuata mjomba mpaka kituo cha basi kumwambia aongeze kidole kimoja cha kufua, kwani turubai hupungua ikilowa. Na mjomba, alipofika dukani, aliona si adabu mtoto wa dada yake avae raba bila soksi, akaongeza kidole cha soksi.

"Ana soksi huyu?" bibi akauliza.

"Hana. Lakini akipata?"

Bibi alikaa kitako. "Subhanallah. Mguu wa mtoto umetoka hapa ni wa mtoto. Kufika Likoni umebaleghe. Kufika dukani una wajukuu."

Ni mapenzi matupu, nikifikiri sasa. Watu watatu, kila mmoja ameniwekea akiba kidole chake, na hapana hata mmoja aliyemwambia mwenzake. Nimeviona vitabu vya uchumi vilivyoandikwa kwa akili hiyohiyo. Lakini wakati ule sikuwa na falsafa. Niliwatazama wote watatu, nikasema kwa sauti ambayo sikuikusudia kuwa ya kulia, "Mwalimu ataandika jina la mwingine."

Kisha bibi akaviokota vile viatu, akavitupa mbele ya mjomba.

"Vaa."

"Mimi, mama?"

"Vaa nikuone."

Mjomba akavaa. Alisimama, akatembea mpaka kwenye mgomba, akarudi. Vilimkaa kama vilivyoshonwa juu ya mguu wake. Alijitahidi asifurahi, ikamshinda.

"Alhamdulillah," bibi akasema, "vimempata mwenyewe. Sasa utarudi Mombasa kwa gharama yako, na safari hii hutabeba jani. Utabeba mguu wenyewe."

Ilinichukua muda kuelewa kwamba mguu wenyewe ulikuwa umeunganishwa na mimi.

Tulivuka Likoni kabla ya adhuhuri. Nilikuwa nimejitayarisha maisha yangu yote, na nikashika ukingo wa feri kwa mikono miwili nipate kuiona nchi ikienda. Nilikuwa bado natafuta mahali pazuri pa kusimama, mara tukafika.

"Umeonaje, mjomba?" mjomba akaniuliza, maana mjomba na mpwa huitana jina moja.

"Ndiyo yote?"

"Sasa ulitaka tulale humo?"

Kwa kuwa kifundo kilikuwa bado na uvimbe tulikwenda polepole, tukasali, tukala, na tulipofika dukani ilikuwa karibu na alasiri. Mwenye duka alikuwa Mhindi mnene aliyezaliwa mtaa uleule, na Kiswahili chake kilimshinda mjomba kwa mafumbo. Alimtazama mjomba miguuni, akazitambua raba zake.

"Zimekaa vizuri. Nilikwambia ni za mtu mzima ukasema za mtoto."

Mjomba alikohoa. Nikakalishwa kwenye benchi, nikavalishwa jozi. Mwenye duka akabonyeza ncha kwa kidole. "Hii imetosha. Funga, twende kwa mwingine." Mjomba akaniambia nisimame wima. Nikasimama. Ilinikaa vizuri sana. Na hapo nikaingiwa na hofu, kwa sababu zile za kwanza, zenye sufi, nazo zilinikaa vizuri nilipokuwa nimesimama.

Sikuomba ruhusa. Sikuwa na maneno ya kuiomba. Nilitoka mlangoni nikakimbia.

"Mwizi!" mwenye duka akapiga ukelele, na kwa wepesi nisioutarajia kwa mwili ule alimnyang'anya mjomba kofia kichwani. "Huyu hapa wake! Huyu hatoki!"

Nilifika pembeni mwa mtaa. Hamali mmoja alikuwa amelaza mkokoteni wake kukata njia. Akanishika shati.

"Wapi na viatu vya watu?"

"Najaribu."

"Unajaribu kuiba?"

"Najaribu kama vinacheza kisiginoni."

Alinitazama, akaviangalia viatu, akanitazama tena. "Vinacheza?"

"Cha kulia."

"Basi rudi ukamwambie," akasema, akaniachia, na akanifuata nyuma kuhakikisha kwamba ninarudi.

Dukani palikuwa na watu sasa. Mjomba alikuwa ameketi kichwa wazi kama rehani, na mwenye duka ameshikilia kofia. Nilieleza. Mwenye duka alisema kwamba katika miaka yake yote watu huviangalia viatu, huvinusa, huvikunja, lakini hajaona mtu kuvikimbiza. Hata hivyo akaleta jozi nyingine. Hiyo nilikwenda nayo mpaka pembeni, ikanibana kidole kidogo. Mguu uliokua bila kiatu huwa mpana mbele, na jani la ukindu hupima urefu tu. Watu wa mtaa walianza kushangilia. Jozi ya tatu nilikimbia nayo, nikageuka kwa hamali, nikarudi kwa mbio zangu zote na kifundo changu kibovu, na njiani nikagundua kwamba nilikuwa nimesahau kwamba nina viatu.

"Hizi," nikasema.

"Una hakika?" mwenye duka akauliza. "Hutaki kwenda nazo Nairobi kwanza?"

Akamrudishia mjomba kofia yake.

Kifundo kilipona, na Jumatatu ile mwalimu hakuandika jina la mwingine. Ningependa kumalizia kwa ushindi, maana msomaji amevumilia na anastahili. Siku ya Kwale nilikimbia bila lengelenge moja, bila kuteguka, bila kugonga ukucha. Kona ya mwisho nilikuwa wa tatu. Nilisikia nyuma yangu pumzi za mkimbiaji wa kutoka upande wa Taru, anavuta hewa kama mtu anayezama, na nikamjua, kwa sababu mwezi mmoja nyuma nilikuwa yeye. Huyu alikuwa hajaiona Mombasa. Sisemi nilimwachia, sina wema huo. Nasema tu kwamba yeye alikuwa na njaa na mimi nilikuwa nimekula. Akanipita, nikawa wa nne.

Nyumbani mjomba, ndani ya raba zake nyeupe alizozivaa hata sokoni, aliuliza nimekuwa wa ngapi. Bibi hakuuliza hilo. Aliniambia niketi, akaishika miguu yangu mmoja mmoja, akaigeuza kama anayechagua papai.

"Mizima," akasema, akarudi kusuka.

Shuleni mwenzangu wa dawatini alikuwa akiningoja.

"Pole. Mombasa ndiyo basi tena."

"Mombasa nimekwisha kuiona."

Alishtuka. Akaniuliza niliona nini, ngome au bandari, au meli. Nilifikiri sana. Nilichokiona Mombasa ni mtaa mmoja, kutoka duka la viatu hadi kwenye mkokoteni wa hamali, nao niliuona mara tatu kwenda na mara tatu kurudi, mbioni, macho yangu yakiwa chini.

"Haya hayaelezeki," nikamwambia.