"Mume wetu" yamponza muuguzi wa Daegu

Saa moja asubuhi, wodi ya wazee katika hospitali moja ndogo mjini Daegu, Korea Kusini. Muuguzi Bang Mi-ok anamfunga Bibi Tak bendeji ya mguu huku midomo ikimcheza. Anarudiarudia maneno mawili ya Kiingereza.

"Unanong'ona nini, mwanangu?" anauliza Bibi Tak.

"Mume wangu."

"Wako? Kwani nani kamtaka?"

Vitanda vya jirani vinaangua kicheko. Mi-ok naye anacheka, ila macho yake hayacheki.

Mi-ok, mwenye miaka 47, anajiandaa kufanya mtihani wa Kiingereza kwa mara ya tatu. Bila alama saba katika kuzungumza hapati leseni ya uuguzi Nyuzilandi, na huko ndiko aliko mumewe, Heo Seong-pil, fundi wa kuchomelea vyuma. Mwaka wa nne sasa wanaonana kwenye simu. Wamekubaliana kwamba safari hii akianguka, mume atafunga virago arudi, na kazi aliyoihangaikia miaka yote iishie hapo.

Kusoma na kuandika anapasua. Kinachomwangusha ni mdomo. Mara ya mwisho aliambiwa aeleze habari za mtu anayemkumbuka sana. Akaanza kwa kujiamini: "Mume wetu..."

"Nikamwona mtahini kainua nyusi," ananisimulia kantini, mbele ya bakuli la supu ya soya. "Nikajua nimeharibu. Baada ya hapo kila neno likanitoroka."

Kosa hilo ni la Wakorea hasa. Hapa mtu husema mama yetu, nyumba yetu, mume wetu, na wala hagawani na mtu. Msomaji asicheke sana. Na sisi je, mtu anayeishi peke yake si hutuambia "karibu kwetu"?

Namuuliza ugumu uko wapi, na neno lenyewe ni moja tu.

"Kulijua nalijua," anasema. "Lakini nikisema 'wangu' naona haya. Naona kama namng'ang'ania, kama mtoto na peremende yake. Mama mkwe angenisikia angesema huyu mwanamke mchoyo."

Dada Gu, mkubwa wake wa zamu, amemwekea sheria: akiteleza tu, kahawa ya siku hiyo ni juu yake.

"Wiki nzima sijanunua kahawa," Dada Gu anajigamba, akivuta kiti. "Haya, mume wetu hajambo?"

"Hajambo. Na si wenu."

"Ala! Kumbe umeanza kuelewa."

Simu inaita, Mi-ok anaipokea kwa spika. Ni Seong-pil, kwao mchana umeingia, yuko mapumzikoni.

"Umekula?" anauliza, kama kila siku.

"Nakula. Hebu sikiliza." Mi-ok anashusha pumzi, kisha anasema yale maneno mawili ya Kiingereza, polepole.

Nadhani mtandao umekatika.

"Sema tena," anasema Seong-pil.

Anasema tena. Dada Gu anajifanya kupoza supu.

"Mimi hapa kiwandani miaka yote nasema 'mke wetu'," sauti ya Seong-pil inatoka, nzito kidogo. "Walinicheka mpaka wakachoka. Siku hizi wananiuliza wao: mke wetu anakuja lini?"

Mi-ok anajifuta macho kwa mkono wa sare.

"Waambie Jumamosi ana mtihani," anasema. "Na waambie ni wako."