Fundi Aliyekataa Matofali Yangu

Habari ya msiba ilinifikia hapa Mbeya Jumatatu iliyopita, kwa mdomo wa utingo wa basi litokalo Iringa: yule fundi mwashi wa Nyololo ametutoka. Wasomaji wangu wa siku zote mtanivumilia. Nilikusudia kuandika juu ya mvua na mahindi, lakini kalamu imegoma. Namlilia mtu ambaye hakuwa ndugu yangu, na ambaye nilimnunia miaka sita.

Wakati huo nilikuwa mwalimu Kihesa, kule Iringa, na mzee wa kanisa. Tulikuwa tunajenga kanisa jipya, na kila nyumba ya Mkristo iliagizwa kufyatua matofali, kuyachoma na kuyaleta yawe sadaka. Majina ya waliomaliza yalisomwa Jumapili mbele ya watu, nami nilitaka langu lisomwe la kwanza. Nikabana kuni, nikafungua tanuru kabla ya siku zake. Fundi wetu alikuwa Mbena mpole, asiyejua kusoma. Aliokota matofali yangu mawili, akayagonganisha karibu na sikio, akayarudisha chini.

"Kamwene, mwalimu," alinisalimu kwa Kibena. "Hii tofali haijaiva. Rudisha kwenye moto."

"Hii ni sadaka, fundi. Sadaka haikaguliwi."

"Mungu hajakataa, mwalimu. Ukuta ndio unakataa."

Watu waliangua kicheko. Mimi nilirudi nyumbani nimevimba kwa hasira. Sasa, fundi huyu ndiye pia aliyekuwa akiongoza maombi ya wagonjwa. Watu walimwita walipouguliwa kwa sababu alikuwa hamdanganyi mgonjwa wala hamtishi. Katika kikao cha wazee nikasema, kwa Kiswahili changu cha chuoni, kwamba asiyesoma asiongoze maombi, wala fundi asijipe cheo cha kukagua sadaka. Wenzangu wakaitikia, maana mwenye maneno nilikuwa mimi. Hakugombana na mtu. Alifungasha zana zake, akarudi kwao Nyololo.

Alipoondoka, matofali yangu yaleyale yalitumika kujenga chumba cha mchungaji, na masika ya pili ukuta ule ukaporomoka. Tuliujenga upya kimya kimya, jina la fundi lisitajwe. Lakini ukuta haukuniumiza kama wagonjwa. Bibi mmoja pale Kihesa, hoi kitandani, alinisikiliza nikimwombea kwa ufasaha wangu wote, kisha akaniuliza, "Mwanangu, yule fundi wetu yuko wapi?" Nikajifanya natafuta kofia yangu.

Makanisa yetu ya nyanda hizi yanakua. Katika miaka hii ya hamsini bati linachukua nafasi ya nyasi, na vijana wanarudi kutoka masomoni na vyeti, jambo ambalo mimi mwalimu siwezi kulibeza. Ila tumeanza kudhani kwamba Roho hugawa karama darasani tu, na kwamba ukweli una adabu pale tu unapotoka kwa aliyetuzidi cheo. Mtu anayesikia tofali bovu kwa sikio, na anayejua kukaa na mgonjwa, tunamwita fundi tu, tunamwonyesha mlango. Tangu aondoke hakuna aliyenikosoa. Nimesifiwa, nimepandishwa, nikahamishiwa Mbeya, na kila likizo nikienda Iringa basi lilisimama Nyololo, nami nikaiona njia iendayo kwake. Nilitamani mno kuisikia sauti ile ikiniambia nirudishe kwenye moto. Kila mara nilijiahidi kwamba safari ijayo nitashuka.

Safari hii nilishuka. Nikakutana na watu wanarudi kutoka makaburini, majembe mabegani. Nilimwambia mjane wake yote mbele ya waombolezaji: kuni nilizobana, kikao, ukuta. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Tunajua, mwalimu," alisema. "Alituambia tusikutumie mtu, utakuja mwenyewe. Basi la Mbeya likisimama alikuwa anatoka nje kuangalia."

Msomaji wangu, kama yuko aliyekuambia ukweli ukamchukia, na kama yuko mwenye karama uliyemfungia mlango kwa sababu hana maneno kama yako, mfuate wiki hii hii, umshukuru angali anasikia. Mimi nimemshukuru wangu mbele ya udongo mbichi, na udongo hauitikii.