Gari la Mtani

Shangazi yangu alipostaafu ualimu pale Mtawanya, sote tulidhani atafuga kuku. Yeye akachukua fomu ya ubunge. Mimi akanifanya katibu wa kampeni, kwa sababu moja tu: nilikuwa na kompyuta.

Sera zake alizijua kwa moyo. Alitaka boti ya wagonjwa kwa vijiji vya delta, ambako mama mjamzito husubiri maji yajae ndipo apelekwe zahanati. Alikuwa na lake kuhusu tembo na viboko, wanaoonja mpunga kabla ya mwenye shamba. Lakini kilichompandisha mori hasa ni kangomba, ule ununuzi wa korosho zikiwa bado maua mtini, mkulima akiwa na njaa, kwa bei ambayo kuitaja mbele za watoto ni aibu. Alishaona wanafunzi wengi wakiacha shule msimu ambao baba zao waliuza hivyo.

Fedha hatukuwa nazo. Tukaitisha harambee nyumbani kwake, na hapo ndipo uungwana wetu ulipotuponza. Huku kwetu humwiti mtu kwako umwombe mchango, kisha arudi na njaa. Tukapika pilau. Watu walikuja na mchele, nazi na majogoo wawili, na vyote vikaingia sufuriani, pamoja na nyama iliyonunuliwa kwa fedha zile zile walizochanga. Waliondoka wakituombea dua ya ushindi, sisi tukabaki na ukoko. Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilishajiona Dodoma, nimevaa suti, nimebeba mkoba wa mheshimiwa.

Basi akanitafuta mfanyabiashara mmoja wa korosho wa Kibiti mjini. Ukoo wake na wetu ni watani tangu enzi za mababu. Tukifiwa, wao huja kumtania maiti na kuficha sufuria za msibani mpaka wapewe chochote. Wakifiwa wao, twenda kulipiza. Alinikalisha barazani kwake, akaniagizia chai na mihogo ya kukaanga, akasema atatoa pikapu, dereva, spika na mafuta mpaka mwisho wa kampeni.

"Mtani wangu aseme yote," akaniambia. "Boti, tembo, barabara. Kangomba tu amwachie Mungu."

Niseme ukweli, hata muhogo sikuwa nimemeza. "Hilo halina shida, mzee," nikajibu. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, ndivyo nilivyojipa moyo. Shangazi nilimwambia tu kwamba gari limetoka kwa mtani. "Cha mtani hakiombwi, huchukuliwa," akasema kwa furaha. Nikarudi kwenye kompyuta, nikafuta kangomba katika hotuba yake, nikachapa upya.

Mkutano wa kwanza ulikuwa Mtunda, na mfanyabiashara mwenyewe alikuja kusikiliza. Shangazi alipanda nyuma ya pikapu, akasoma boti, akasoma tembo, kisha akageuza karatasi huku na huku na kunitazama.

"Hotuba hii imekatwa mkia," akasema kwenye spika. "Haidhuru, mwalimu hasahau somo lake. Nimesimama juu ya gari la mtani wangu, yule pale kiti cha mbele. Nasema kwa spika yake. Sasa namsema yeye."

Akamsema. Akaeleza kangomba kama anavyoeleza hesabu, taratibu, na kwamba yeye atapigania kila kijiji kiwe na mfuko wa kukopeshana miezi ya njaa, mtu asiuze maua. Uwanja ukaangua kicheko, kwa maana mtani hakasiriki hadharani. Akikasirika ameuaibisha ukoo wake wote. Mfanyabiashara akasimama, mikono kiunoni. "Huyu bibi akifa namzika na spika hiyo hiyo," akasema, "akawafundishe wa huko." Watu wakazidi kucheka, na yeye akacheka nao. Nikaamini tumepona.

Baada ya mkutano akanivuta kando. "Yeye ni mtani wangu, anitukane atakavyo," akasema. "Ila wewe uliniahidi, na ahadi ni deni." Alisema kwa upole, na upole ule ndio ulioniumiza. Gari lake hakulidai.

Ningeweza kunyamaza. Gari lilikuwa bado letu, na vijiji vilivyobaki ni vingi. Lakini niliona aibu mno, na alasiri ile ile nikamwambia shangazi yote.

"Kumbe na mimi nimeuzwa ningali ua," akasema.

"Nisamehe, shangazi."

"Nimekusamehe. Mwite dereva."

Tukalirudisha gari Kibiti. Mtani alimsihi abaki nalo, akamkatalia huku wakitaniana. Kuanzia hapo tulizunguka kwa bodaboda, na kule delta kwa boti ya abiria, shangazi akihutubia kwa kipaza sauti cha mkononi cha timu ya mpira, kilichokuwa kikikoroma kila alipotamka neno "serikali". Sijapata kucheka vile maishani mwangu. Tulishindwa, na si kwa kura chache. Mimi nililia, yeye akalala vizuri, akaamka akauliza wapi panauzwa vifaranga.

Ikabaki fomu ya gharama za uchaguzi. Nilijaza bodaboda, nikajaza boti, kisha nikaandika: gari, siku moja, kutoka kwa mtani. Shangazi alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Andika kwamba lilikuja na sharti."

Nikaandika.

"Andika na aliyelikubali."

Nikageuka kumtazama. Alikuwa akitabasamu, lakini hakusogea. Nikaandika jina langu kamili: la kwangu, la baba, ambaye ni kaka yake, na la babu, ambaye ni baba yake.